Tokeni, Nawasha Moto

Melkiori alijaliwa sauti, na hilo hata waliokuwa hawampendi walilikubali. Harusi ya Mchaga yeyote wa Kilweni pale Dar es Salaam, awe mwenye duka Kariakoo au karani aliyepanga Ilala, haikuhesabika kuwa imekwisha mpaka Melkiori asimame, akohoe kidogo kwa maringo, kisha aanzishe wimbo wa vita. Hapo wazee waliweka chini vibuyu vya pombe ya mbege, wanawake waliacha kugombania sahani, na vijana waliozaliwa mjini, ambao Kichaga chao kilikuwa cha kuombea maji tu, waliitikia kana kwamba siku ile na wao walikuwepo.

Wimbo wenyewe ulihusu siku moja. Zamani, kabla Wajerumani hawajapanda mlimani Kilimanjaro, Kilweni na Mrau walipigana miaka na miaka. Usidhani walikuwa mataifa mawili. Walikuwa watu wa babu mmoja na lugha moja, waliotenganishwa na korongo tu, wakaoana na kuuana kwa zamu, leo kwa ajili ya mfereji wa maji, kesho kwa ajili ya ng'ombe. Wamrau walikuwa wachache, lakini walijua kuchimba. Chini ya migomba yao walikuwa na mashimo marefu, na vita vikija waliingia humo na watoto na mifugo, adui akakuta nyumba tupu, akarudi kwao na aibu yake. Mpaka siku Wakilweni walipoonyeshwa mlango wa shimo kubwa kuliko yote, na aliyewaonyesha alikuwa shemeji wa watu waliokuwa ndani. Waliziba matundu ya hewa, wakarundika majani mabichi na pilipili mlangoni, wakawasha. Jioni ilipofika vita vilikuwa vimekwisha, na Mrau haikuinua mkuki tena.

Aliyeshika kijinga cha moto alitajwa kwa jina ndani ya wimbo. Ni Lyamongi, babu yake Melkiori, mzaa baba.

Basi Melkiori alipoimba alikuwa anauimba ukoo wake, na kifua kilimjaa. Duka lake lilikuwa kwenye baraza ya nyumba ya Mzee Hamis, alimopanga, Mtaa wa Sikukuu, akiuza majiko ya mkaa, masufuria na makarai. "Mjukuu wa mwasha moto," Isidori, mwenyekiti wa chama chao cha kuzikana, alizoea kumtania, "ungeuza nini kingine zaidi ya majiko?" Na Melkiori alicheka mpaka jino la mwisho likaonekana.

Ubeti uliopendwa kuliko yote ulikuwa wa mwisho. Ulisema kwamba moshi ulipopungua, mtoto mmoja wa kike alitambaa nje na masizi usoni, na Wakilweni hawakumgusa. Walimpa maziwa. Hapo watu walipiga makofi na kutazamana kwa kuridhika, maana nani asiyependa kusikia kwamba ana huruma? Miaka yote hiyo hakuna hata mmoja aliyejisumbua kuuliza yule mtoto alikwenda wapi.

Alikuwa amelala kwenye chumba cha uani cha nyumba ya Mzee Hamis, akikohoa.

Bibi Hyasinta, mama yake Melkiori, alikuwa amekula chumvi nyingi. Aliletwa mjini kutibiwa kifua mwaka ule wa njaa, mwaka wa unga wa yanga, ule wa mahindi ya njano ya msaada, wakati soko jipya la Kariakoo lilikuwa bado linajengwa na vumbi la saruji lilituama mpaka juu ya chai. Alikuwa mtu wa maneno machache. Alisali rozari, alikula kidogo, hakumlaumu mkwe wake. Ila alikuwa na jambo lake moja. Kila jiko lilipotaka kuwashwa pale uani aliinama, akaita kwa Kichaga, "Tokeni! Nawasha moto!", akangoja kidogo, ndipo akaruhusu kiberiti kiwashwe. Alipozidiwa na kulala kitandani aliita hivyo hivyo kutoka chumbani. Melkiori alikua akiusikia mwito huo, na wapangaji walipomuuliza maana yake alijibu bila kufikiri, "Mama anafukuza paka." Ni kweli paka wa Kariakoo hulala kwenye majivu yenye vuguvugu, kwa hiyo kila mtu aliridhika na jibu, Melkiori mwenyewe akiwa wa kwanza.

Kisha akaja mpangaji mpya, binti aliyeshona kwenye kiwanda cha nguo, jina lake Severa. Mkewe Melkiori, Candida, alimpenda tangu siku ya kwanza kwa sababu hakuwa mvivu wa kufagia uani. Melkiori alimpenda mpaka alipouliza kwao ni wapi.

"Mrau, baba," alisema Severa.

Melkiori alikwenda moja kwa moja kwa Mzee Hamis kulalamika. Mzee Hamis alikuwa Mzaramo, na vita vya mlimani havikumhusu hata kidogo. "Hapa napangisha vyumba," alimjibu. "Sipangishi ugomvi." Melkiori akarudi dukani amenuna, akaapa kwamba salamu ya binti yule ataipokea, lakini maongezi hapana.

Jumamosi moja asubuhi Melkiori alikuwa amekaa uani na kikombe cha uji. Severa alitoka na jiko lake, akapanga mkaa, akainama.

"Tokeni! Nawasha moto!"

Melkiori alisahau kiapo chake akacheka. "Kumbe na wewe unafukuza paka?"

"Paka gani, baba?" Severa alishangaa. "Kwetu ndivyo tunavyofanya. Zamani milango ya mashimo ilifichwa jikoni, chini ya mafiga. Huwezi kuwasha bila kuita, usije ukamwashia mtu aliye chini. Mashimo yamefukiwa siku nyingi, ila bibi zetu walitukataza kuacha."

Hapo sauti ilitoka chumba cha uani, nyembamba lakini safi, kwa matamshi ya Mrau ambayo hakuwahi kuyasikia kinywani mwa mama yake.

"Hamna mtu, mwanangu. Washa."

Kiberiti kilimponyoka Severa. "Baba," aliuliza polepole, "ni nani aliyemfundisha bibi kuitikia?"

Melkiori aliingia chumbani na kikombe bado kiko mkononi. Mama yake alikuwa ameketi kitandani ameegemea ukuta, na uso wake ulikuwa wa mtu aliyechoka kubeba kitu.

"Funga mlango," alisema. "Umekuwa mtu mzima siku nyingi, na mimi nimechelewa kukuambia."

Akamwambia. Wakati ule meno yake ya utotoni ndiyo kwanza yalikuwa yanang'oka. Walikuwa wengi shimoni, na ng'ombe, na giza. Walisikia miguu juu yao. "Mama yangu alitutuliza. Alisema, wataita. Hata adui huita kabla ya kuwasha, maana kuna shemeji zao humu, kuna dada zao. Wakiita tutajibu, na mtu akisikia jibu hawezi kuwasha. Tukanyamaza kabisa tusikilize vizuri." Alikohoa, akajifuta kwa upindo wa kanga. "Tulingoja mwito, Melkiori. Hawakuita."

Melkiori aliweka kikombe sakafuni.

"Mama alinisukuma kwenye tundu ambalo yeye asingepita. Aliyenivuta nje ni babu yako. Alinipa maziwa kwa mkono wake, mkono wenye masizi, na mimi nikanywa kwa sababu nilikuwa na kiu. Kisha akanipeleka kwake, akasema niseme mimi ni mtoto wa rafiki yake maskini wa huko juu. Nilipokua akanioza kwa mwanawe. Sikulala na njaa hata siku moja nyumbani kwa Lyamongi. Na sijamsamehe. Nimeungama kwa mapadri watano, kila mmoja ananiambia samehe, nami kila mmoja namwitikia ndiyo."

"Na wimbo?" Melkiori alisikia sauti yake mwenyewe ikiuliza.

"Nimeusikia kwa babu yako, nikausikia kwa baba yako, nikausikia kwako. Nimeuitikia na kupiga makofi. Ningefanyaje?" Alimshika mkono kwa vidole vyake vikavu. "Najua mila yenu. Mzee akifa mnamwimbia akiwa kwenye jeneza kabla hamjampandisha mlimani. Mimi msiniimbie. Sitaki kitu kingine. Mnizike mnapotaka, mnivalishe mnachotaka, lakini usiruhusu waniimbie ule moto."

"Sitaruhusu, mama," alisema Melkiori, na alilia kama mtoto.

Laiti machozi yangetosha. Candida alipoambiwa habari ile alishika kichwa kwa mikono miwili, kisha akasema neno la maana. "Waambie Wakilweni sasa, Baba Wilbert, mama angali hai. Ukingoja msiba utashindwa." Melkiori akasema ndiyo, kesho. Kesho Isidori alipita dukani, wakazungumza habari za foleni ya sukari. Kesho nyingine kulikuwa na ubatizo. Kila alipofungua mdomo aliona sura za watu waliokuwa wakimpigia makofi, akaufunga. Niseme wazi, aliogopa. Mtu ambaye ukoo wake umeimbwa maisha yake yote haachi sifa hizo kwa siku moja, na Melkiori alijitia hamnazo huku mama yake akipungua kitandani.

Severa ndiye aliyemuuguza. Jioni akitoka kiwandani aliingia kwa bibi, wakazungumza kwa matamshi ya Mrau, sauti ya chini. Melkiori alisimama nje ya mlango akasikiliza, na mara nyingine alisikia mama yake akicheka, kicheko cha msichana. Alimwonea wivu binti yule.

Bibi Hyasinta alikata roho siku ya Alhamisi, kabla ya jua kuwa kali.

Wakilweni hawakumwangusha Melkiori. Walikuja kutoka Ilala, Buguruni na Magomeni, wakaujaza ua na nusu ya mtaa. Isidori alileta lori lake la kupeleka maiti Kilimanjaro, na petroli ya safari aliipata anakojua mwenyewe, wakati ambapo wengine waliitafuta kwa tochi. Jeneza liliwekwa katikati ya ua juu ya viti. Padri alisali akaenda zake. Upande wa pili, chini ya bati la jikoni, Candida alikuwa amelia hadi akakosa nguvu, na Severa na wanawake wengine walipanga mkaa kwenye jiko kubwa kutoka dukani, kuwapikia chai watakaosafiri.

"Kaka Melkiori," alisema Isidori kwa upole, "jua linakwenda. Tumsindikize mama."

Watu wakasimama. Sasa ndiyo ilikuwa saa yake, na Melkiori aliijua. Alitazama jeneza. Alitazama nyuso.

"Koo limenikauka," alisema. "Leo tusali rozari tu."

Hivyo tu. Isidori alimshika bega kwa huruma ya kweli, maana hakuwa mtu mbaya. "Umefiwa, ndugu yangu, tunaelewa. Pumzika, nitaanzisha mimi."

Akaanzisha. Sauti yake ilikuwa ya kawaida, lakini wimbo ule haukuhitaji sauti nzuri, ulijua njia yake. Korongo likapita, mfereji ukapita. Wanaume waliitikia kutoka tumboni mpaka mabati yakatikisika. Na Melkiori, aliyekuwa amekaa na kichwa mikononi, akagundua kwamba anaitikia. Hakuamua. Kinywa kilifunguka chenyewe mahali pake, kama kilivyofunguka tangu utoto. Aliitikia majani mabichi, aliitikia pilipili. Lilipotajwa jina la Lyamongi kifua chake kilijaa kama siku zote, jeneza la mama yake likiwa mbele ya magoti yake. Alijichukia, na aliendelea kuitikia.

Wakafika kwenye ubeti wa mtoto. Wanawake wakaanza kulia kwa utamu, kwa sababu ulikuwa ubeti wa kufaa msibani, wenye huruma. Walipiga makofi polepole.

Ndipo Severa, aliyekuwa amewapa mgongo, aliinama mbele ya jiko kubwa akaita kwa sauti yake yote.

"Tokeni! Nawasha moto!"

Kama aliita kwa mazoea au kwa makusudi, Melkiori hakuwahi kumuuliza. Alijikuta amesimama.

"Usiwashe!" alipiga kelele kwa Kichaga. "Usiwashe, mama bado yumo!"

Wimbo ulikatika. Severa alishika kiberiti hewani. Na Melkiori, aliyeshindwa kusema kwa miezi mizima, alisema yote mbele ya watu wote. Alisema yule mtoto wa wimbo ni huyu hapa. Alisema maziwa yale alipewa na mtu aliyetoka kumuua mama yake. Alisema walingoja mwito na mwito haukuja, na kwamba yeye, Melkiori, alimwahidi mama hataimbiwa, na amemwimbia.

Zikasikika nyundo za mafundi kule sokoni.

Isidori na wazee walitoka nje, wakasimama kando ya lori wakinong'ona. Aliporudi, Isidori alimvuta Melkiori pembeni, karibu na masufuria.

"Sikiliza," alisema. "Kama ni kweli, sisi hatuwezi kumlaza mtu wa shimoni kwenye kihamba cha Lyamongi, ardhi ya ukoo. Wazee wanaogopa laana, na mimi naogopa. Lakini msiba huchanganya watu, wote tunajua. Sema tu kwamba ulichanganyikiwa. Neno moja, tunapakia, kesho mama yuko nyumbani kando ya mumewe, na hakuna atakayelikumbuka jambo hili."

Ilikuwa njia ya kutokea, pana, na aliyemfungulia alimtakia mema. Kwa Mchaga, kuzikwa mbali na mlima ni kutupwa, na Melkiori alijua hilo kuliko mtu yeyote pale uani. Alitamani kulisema lile neno. Alimtazama mkewe. Candida hakutikisa kichwa wala kukubali. Alifuta machozi tu, akamwachia uamuzi.

"Sikuchanganyikiwa," alisema Melkiori.

Lori la Isidori liliondoka tupu. Severa, bila kutumwa, alivaa kanga yake akaenda Buguruni kwa mzee wa Wamrau kuomba wampokee binti yao aliyepotea, wao wampandishe. Alirudi macho yamevimba. Mzee alisikiliza yote, akauliza swali moja, je, alizaa huko? Severa akasema alizaa. "Basi ni mama wa watoto wa mwasha moto," alisema mzee yule. "Waende naye wao."

Bibi Hyasinta alizikwa Kinondoni, kwenye mchanga. Waliobeba jeneza ni Mzee Hamis na majirani zake, waliovaa kofia zao za kiua na wasiojua sala za Kikatoliki, ila walijua kubeba kwa kupokezana na kutembea haraka. "Amekaa nasi, ni wetu," alisema Mzee Hamis, na hakutaka ashukuriwe. Mchanga ulikuwa mwepesi ukaporomoka kaburini kila walipochimba. Melkiori alikumbuka udongo mweusi wa kwao, unaoshikana mkononi, akalia kwa hasira. Hakujua amkasirikie nani. Severa alimimina maziwa kidogo kwenye kikombe cha bati akayaweka pembeni ya kaburi, kisha akabadili mawazo, akayamwaga mbali.

Baada ya hapo Wakilweni hawakumfukuza Melkiori. Hawakuwa watu wa fujo. Walinunua masufuria kwingine, wakamsalimu barabarani kwa heshima, na kadi za harusi hazikumfikia tena. Pale uani Candida alianza kuita kabla ya kuwasha jiko, na Melkiori alipokuwepo ndiye aliyejibu kwamba hamna mtu.

Mwaka uliofuata, siku ya Jumamosi, alikwenda Ilala kwa fundi bati kufuata majiko. Akirudi na mkokoteni alipita kando ya ukumbi, madirisha wazi, na kwa harufu ya mbege tu alijua ni harusi ya akina nani. Isidori alikuwa amesimama ndani. Sauti yake ilikuwa imepata nguvu kwa mazoezi.

Melkiori alisimamisha mkokoteni. Alijua ingefaa aende zake, na hakwenda. Alisikia korongo na mfereji. Alisikia mashimo, shemeji aliyeonyesha mlango, majani mabichi, pilipili. Alisikia jina la babu yake likiitikiwa kwa kishindo kama zamani, hakuna silabi iliyopungua. Akashika ukuta, akajiandaa kwa ubeti wa mtoto.

Badala yake yakaja makofi na vigelegele, kisha mtu akaomba sahani zipitishwe. Wimbo ulikuwa umekwisha.

Alingoja kidogo, kama mtu aliyeita mlangoni akasikilizia jibu. Mama yake aliomba aondolewe moto ule. Wakilweni waliubakiza wote, na mikono yote iliyouwasha, wakamwondoa mama. Melkiori aliinua mishikio ya mkokoteni, majiko yakagongana, akaelekea Kariakoo. Katika wimbo wao sasa hakuna aliyetoka.